Kochi Katikati ya Mahindi

Runji alifunga studio yake ya picha huko Kinoru, mjini Meru, mwezi wa Januari, akaanza kufuga vifaranga. Alipoulizwa sababu, alisema kifaranga hakirudi siku ya pili kulalamika kwamba kwenye picha sikio lake limetoka kubwa. Alikuwa amevumilia masikio ya watu kwa miaka kumi na mmoja na alikuwa amechoka. Chumba cha giza cha kuoshea picha alibaki nacho kwa sababu hakuna aliyekitaka. Kamera moja ya zamani, nyeusi, yenye mkanda wa ngozi, alimpa dada yake Igoki pamoja na filamu mbili.

Igoki alikuwa mwalimu wa darasa la tatu huko Ruiri. Kwao ni Ishiara, lakini alikuwa ameolewa Ruiri miaka kumi na saba, na kwa kuwa mtoto wake wa kwanza ni Koome, watu wengi walimwita Mama Koome. Mwaka huo watoto wote watatu walikuwa shule za bweni. Nyumba ilikuwa kimya mno, mpaka Igoki alikuwa ameanza kumjibu msomaji wa habari wa redio. Kwa hivyo kamera ilimkuta akiwa na nafasi moyoni.

"Usianze na watu," Runji alimwonya, huku akinyunyizia vifaranga vyake chakula. "Mtu akiona kamera anakufa akiwa amesimama. Anza na vitu vya nyumbani. Sufuria haijui kama inapigwa picha. Angalia mwanga unaingilia wapi na unaangukia wapi. Kitu kimoja kiangalie asubuhi, tena kiangalie jioni, utaona ni vitu viwili. Halafu usitangaze. Ukitangaza watavaa."

Igoki hakumwamini mara moja. Siku iliyofuata alimkuta mama mkwe wake, Kagure, ambaye nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya ua, ameketi mlangoni akichagua maharagwe. Jua lilikuwa likipita kwenye moshi wa jikoni na kumwangukia begani. Lilikuwa jambo zuri sana.

"Mama, kaa hivyo hivyo, nikupige picha."

Kagure aliitazama kamera, akainuka, akaingia ndani. Alitoka baada ya dakika arobaini na tano. Alikuwa amevaa koti la kijani la Pasaka, kitambaa cheupe kichwani na viatu vya kubana, na kwapani alikuwa na Biblia. Mkono wa pili ulishika chombo cha maua ya plastiki. Akasimama ukutani wima kama askari wa gwaride, akakaza shingo.

"Sasa piga," akasema bila kufungua meno.

Jua lilikuwa limeshakwenda nyuma ya miti ya mukima. Igoki alipiga kwa heshima tu. Kuanzia siku hiyo akafuata ushauri wa kaka yake: vitu kwanza, na mdomo ufungwe.

Mumewe, Misheck Mbaabu, alikuwa mtu wa sauti kubwa na moyo mwepesi. Alikuwa makamu mwenyekiti wa kamati ya dipu ya kuogeshea ng'ombe, na hakuna siku aliyosahau hilo. Aliiona kamera, akadhani ni ya shule. Lakini jioni moja alitoka zizini akamkuta mkewe amepiga magoti mbele ya mkebe wa maziwa, jicho moja limefungwa.

"Mama Koome, huo ni mkebe."

"Naujua."

"Unaupiga picha?"

"Ndiyo."

"Wa nini?"

Igoki alikuwa amezuia pumzi ili mkono usitikisike, kwa hivyo alijibu kwa shida. "Nataka nishike vile ulivyo sasa hivi. Kabla haujabadilika."

"Utabadilika uwe nini?"

"Kila kitu hubadilika, Baba Koome. Ni dakika tano tu."

Alikuwa akizungumza juu ya jua. Mbaabu hakujua. Alisimama pale na kamba ya ng'ombe mkononi, akasahau alikuwa anaipeleka wapi.

Kesho yake mkewe alipiga picha redio, halafu saa ya ukutani, halafu baiskeli iliyoegemezwa ghalani. Jumanne alimpiga ng'ombe wao, Rosi, kutoka upande wa kushoto. Akafikiri kidogo, akazunguka, akampiga kutoka upande wa kulia. Jumatano asubuhi Mbaabu alikuwa akifunga kamba za viatu aliposikia mlio wa kamera kutoka chumbani. Akachungulia. Igoki alikuwa amesimama juu ya kigoda, anapiga picha kitanda.

"Hata kitanda?"

"Kitanda ndicho kizuri kuliko vyote," Igoki alisema kwa furaha. Mwanga wa dirishani ulikuwa umelalia blanketi kama paka. "Nikimaliza nitampelekea Runji avipitie vyote. Yeye ndiye ataniambia kama vinatosha."

"Vinatosha kwa nini?"

Igoki aliona haya. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mwalimu mwenye heshima zake, na hakutaka kusema kwa mdomo wake kwamba anatamani kuwa mpiga picha mzuri, na kwamba ameanza na mkebe. "Nitakuambia mambo yakiwa tayari," akasema, akashuka kwenye kigoda.

Mbaabu alipeleka maziwa siku hiyo bila kusalimia mtu njiani.

Pale penye kituo cha kukusanyia maziwa, mizani ilisimamiwa na rafiki yake Bundi. Huyu Bundi aliwahi kuitwa mahakamani Meru mara moja, kutoa ushahidi katika kesi ya kondoo, na tangu hapo alijihesabu kuwa nusu wakili. Alimsikiliza Mbaabu mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Ng'ombe alimpiga kutoka upande gani?"

"Kushoto. Halafu kulia."

Bundi aliweka kalamu chini. "Pande zote mbili."

"Ndiyo."

"Makamu, hizo si picha. Hiyo ni orodha." Akamvuta nyuma ya mikebe. "Mwanamke wa siku hizi akitaka kuondoka haondoki na matusi. Anaondoka na wakili. Na wakili hataki hadithi, anataka kuona kwa macho. Ng'ombe yuko wapi? Huyu hapa. Redio? Hii hapa. Kitanda je?"

"Amekipiga leo."

"Basi mmefika mbali."

Mbaabu aliketi juu ya mkebe. Alikuwa amempenda mkewe kwa miaka kumi na saba bila kumwambia, kwa kuwa alidhani anajua. "Nimwulize?"

"Ukimwuliza utamharakisha. Wewe kuwa mtu mzuri, akose la kusema mbele ya hakimu. Na vile vitu uviondoe pole pole, uvilete kwangu. Picha ya kitu ambacho hakipo ni karatasi tu."

Hivyo ndivyo Mbaabu alivyoanza kuwa mtu mzuri, na uzuri wake ulikuja wote kwa wiki moja.

Alhamisi Igoki aliporudi kutoka shule alimkuta jikoni akimenya viazi. Alikuwa anamenya kwa bidii na kwa panga. Maganda yalijaa karai, na viazi vilivyobaki vilikuwa vidogo kama maharagwe. Ijumaa aliosha sufuria zote kwa mchanga, ndani na nje, mpaka ile sufuria mpya ikapoteza mng'aro wake. Jumamosi alichukua viatu vya mkewe vya kahawia akavipaka rangi nyeusi, akavipanga mlangoni vikiwa na madoadoa kama ndama wa Friziani.

"Karibu nyumbani, mpenzi," alisema Jumatatu jioni, akimpokea mkoba.

Igoki alitazama nyuma yake kuona ni nani anayeambiwa.

Usiku huo huo aliona ukuta una mahali peupe, pa mviringo. "Baba Koome, saa iko wapi?"

"Saa? Ilikuwa inachelewa. Nimeipeleka kutengenezwa."

"Na redio?"

"Nayo ilikuwa inachelewa."

Asubuhi Igoki alimweleza rafiki yake Lenah, mwalimu wa darasa la tano, wakiwa ofisini wanasahihisha vitabu. Lenah alivitazama vile viatu vya madoadoa kwa muda mrefu.

"Mwanaume akianza kupaka viatu vya mkewe rangi," alisema, "kuna kitu amekanyaga mahali."

"Kitu gani?"

"Vitu vinatoka nyumbani kwako, Mama Koome. Saa, redio. Haviendi kwa fundi. Mtu anayehamisha saa na redio anajenga nyumba ya pili, na nyumba ya pili haikai bila mwenyewe. Ni mweupe ama ni mweusi, huyo mwenyewe, hilo sijui."

Igoki alicheka, lakini akasahihisha kitabu kile kile mara mbili. Alipofika nyumbani, baiskeli haikuwepo. Siku ya pili zizi lilikuwa tupu, na Mbaabu akasema Rosi ameenda kutembea.

"Kutembea wapi?"

"Ng'ombe pia huchoka kuona mahali pamoja," alisema Mbaabu, akaenda haraka kuchota maji ambayo hakuna aliyeyahitaji.

Hapo Igoki alilia kidogo nyuma ya ghala, akapangusa macho, akaweka filamu ya pili kwenye kamera. Sasa hakuangalia mwanga tena. Alipiga picha kila kilichobaki, harakaharaka, kabla hakijaenda kwa huyo mwanamke: meza, kabati, majembe mawili, taa ya karabai, kochi. Kochi alilipiga mara tatu, maana vitambaa vyake vyeupe alikuwa amevifuma yeye mwenyewe akiwa na mimba ya Koome. Mbaabu alisikia ile kamera ikilia chumba hadi chumba, ka, ka, ka, akakimbia kwa Bundi bila kofia.

"Ameongeza mwendo," akasema akihema.

"Amebakisha nini?"

"Amepiga kochi mara tatu."

Bundi alifumba macho kama daktari. "Basi kochi lazima liondoke Jumamosi, akienda mazoezi ya kwaya."

Jumamosi hiyo Igoki alienda kweli kanisani kwa mazoezi ya kina mama. Walikaa nje kwa saa nzima wakimngojea mwenye ufunguo, mpaka ikajulikana ameenda Isiolo na ufunguo mfukoni. Wakaimba wimbo mmoja kwenye nyasi, wakatawanyika. Igoki alirudi kwa njia ya mkato, ile inayopita kando ya shamba la Bundi. Kamera ilikuwa kwenye kiondo. Siku hizo alitembea nayo kila mahali, kwa hofu kwamba nayo itaenda kutengenezwa.

Ilikuwa saa kumi na nusu. Jua lilikuwa limeinama, na mahindi ya Bundi, marefu kuliko mtu, yalikuwa yametoa mbelewele, na kila mbelewele ilikuwa imeshika moto wa dhahabu. Na juu ya mahindi hayo, likielea pole pole kutoka upande wa nyumbani kwake, kulikuwa na kochi.

Igoki alisimama. Kochi lilikuwa lake. Vitambaa vyeupe vilikuwa bado juu yake, vikipeperuka. Halikushikwa na mtu wala kitu. Lilizama kidogo, likainuka, likageuza pua kushoto, likaendelea, kama mtumbwi uliopotea njia ukaingia Ruiri.

Mdomo wake ulifunguka ili upige nduru, lakini jicho lilikataa. Mkono uliingia kwenye kiondo wenyewe. Alipiga magoti kwenye vumbi na gauni lake la kwaya, akazuia pumzi, akabonyeza.

Ka.

Kochi lilisimama hewani. Kutoka chini yake, ndani ya mahindi, sauti ikasema, "Umesikia hiyo?"

"Ni panya," ilijibu sauti ya Bundi.

"Endelea basi. Geuka kulia."

"Nitageukaje na mimi ni wa nyuma? Geuka wewe wa mbele."

"Mimi ndiye wa nyuma, Bundi! Wewe ni wa mbele tangu mlangoni."

"Kama mimi ni wa mbele, mbona sioni kitu?"

Walizunguka mara mbili papo hapo wakitafuta mbele. Kisha kochi likatoka kwenye mahindi na kuingia mahali palipopandwa maharagwe, na Igoki akaona kwamba lina miguu minne: miwili yenye gambuti na miwili yenye akala, vile viatu vya tairi. Akapiga. Akasogea kando, akapiga tena, jua likiwa nyuma, mpaka ile miguu ikawa na vivuli virefu kama twiga. Alikuwa amesahau kwamba analizwa na kochi hilo hilo. Alikuwa amesahau hata kwamba ameolewa.

"Huyo panya ana chuma," ilisema sauti ya Mbaabu, safari hii kwa woga.

Kochi likashuka taratibu mpaka likakaa juu ya maharagwe. Nyuma ya egemeo lake pakatokea kofia, halafu macho mawili ya makamu mwenyekiti.

Ka.

"Makamu," Bundi alinong'ona kutoka chini, "hilo limeingia kwenye faili."

Mbaabu aliinua mikono yote miwili juu. "Mama Koome, usipeleke hiyo kortini! Nitarudisha kila kitu. Saa iko salama, redio iko salama. Rosi yuko kwa Bundi, anakula kuliko nyumbani. Niambie tu nilikukosea wapi!"

"Korti gani?" Igoki alisimama, magoti yamejaa vumbi. "Wewe ndiye uniambie. Huyo mwanamke anakaa wapi?"

"Mwanamke gani?"

"Unayempelekea kochi langu!"

Mbaabu alimtazama Bundi, na Bundi akayatazama maharagwe. Hapo hapo akatokea Kagure, akitoka sokoni, kiondo cha vitunguu mgongoni. Aliwakuta mwanawe ameinua mikono, mkaza mwanawe amelia, jirani amejificha, na kochi katikati ya shamba. Alitua kiondo, akaketi kwenye kochi, akanyoosha miguu.

"Afadhali," akasema. "Nilikuwa nimechoka. Sasa anzeni kuongea, na aongee mmoja mmoja."

Wakaongea. Mbaabu alisimulia juu ya mkebe, na redio, na ng'ombe pande zote mbili, na maneno ya Bundi juu ya wakili. Igoki alisimulia juu ya Runji na mwanga, na viatu vya madoadoa, na maneno ya Lenah juu ya nyumba ya pili. Kila mmoja alipofika mahali pa kulia, mwenzake alikuwa anacheka, na wakapishana hivyo mpaka Kagure akapiga kochi kofi.

"Nilidhani unaondoka," Mbaabu alisema mwishowe, sauti yake kubwa imebaki ndogo kama uzi.

"Niondoke niende wapi? Ishiara, na jua lile?"

"Ulipiga picha kitanda!"

"Mwanga ulikuwa mzuri!"

"Na mimi nilikuwa pale nje ya mlango nikifunga viatu. Mbona hukunipiga mimi?"

Alimtazama mumewe, na gambuti zake, na jani la mahindi lililokwama sikioni, na kwa mara ya kwanza tangu apewe kamera aliona mtu anayefaa kupigwa picha bila kuvaa. Aliinua mkono akamtoa lile jani. Mbaabu akakohoa na kuangalia pembeni.

"Kwa hivyo hakuna anayeenda mahali?" Kagure aliuliza.

"Hakuna, mama."

"Na hakuna mke wa pili?"

"Nitamweka wapi? Hata choo sijamaliza kujenga."

"Basi hili kochi linaenda wapi?"

Hakuna aliyejua. Hata Bundi, aliyekuwa na jibu la kila kitu, alikuna tu kidevu. Kagure akasema kwamba kama ni hivyo lirudi nyumbani, lakini yeye hainuki, kwa sababu ametoka sokoni kwa miguu na ndiyo kwanza anakaa. Mbaabu akamsihi, akamwambia kochi lenyewe ni mzigo. Kagure akapakata kiondo chake, akasema alimbeba Mbaabu mgongoni miaka mitatu na hakumwambia kuwa ni mzigo.

Wakambeba. Safari hii hawakuinua kochi kichwani, walilishika chini chini, mmoja huku na mmoja kule, wakitembea kiupandeupande kama kaa. Kagure alikaa wima katikati ya vitambaa vyeupe, vitunguu mapajani, akawapungia mkono watu waliokuwa wakipalilia ng'ambo, na wale watu wakaacha majembe. Katika shimo la fuko Bundi alijikwaa, kochi likayumba, na bibi kizee akapiga kelele ya furaha ambayo hakuna mtu wa boma hilo aliyewahi kuisikia ikitoka kwake.

Igoki alipiga magoti, akaelekeza kamera, akabonyeza. Kamera haikulia. Akabonyeza tena. Filamu ilikuwa imeisha. Picha ya thelathini na sita alikuwa ameitumia kwenye kofia ya mumewe. Aliitikisa kamera, akaipiga kofi, akamwita Runji jina baya akiwa mbali huko Kinoru. Kisha akaiacha ining'inie shingoni, akatembea nyuma ya kochi akitazama kwa macho tu, akicheka mpaka akashika mbavu.

Wiki iliyofuata alipeleka filamu zote mbili kwa Runji. Runji aliingia kwenye chumba chake cha giza, akatoka na picha zikiwa bado zinadondoka maji, akazining'iniza kwenye waya kando ya vifaranga. Mkebe ulikuwa mzuri kidogo. Ng'ombe alikuwa ng'ombe. Kitanda kilimfanya Runji aseme "mh." Kagure na maua yake ya plastiki alionekana kama mtu anayelinda benki. Halafu akafika kwenye ile ya kochi linaloelea juu ya mbelewele, vitambaa vimefunguka kama mabawa, akasimama hapo. Kifaranga kilipanda juu ya kiatu chake, akakiacha.

"Hii kamera," alisema baadaye, "ni ile ile niliyokupa?"

"Ndiyo."

"Ilete niione kidogo."

Igoki aliirudisha kwenye kiondo, kando ya filamu mpya aliyokuwa amenunua asubuhi hiyo, akashika kiondo kwa mikono miwili.

Vitu vilianza kurudi nyumbani. Rosi alirudi mwenyewe, amenona. Baiskeli ilirudi, na redio ikarudi ikiwa imewekwa kwenye stesheni ambayo Bundi aliipenda. Saa haikurudi.

Bundi alikuja kwa Mbaabu jioni, akaomba waongee nyuma ya zizi. Alikuwa na uso wa mtu aliyemeza mfupa. Ilikuwa hivi: siku ile alipofika nyumbani na saa ya Mbaabu kwapani, mkewe, Kanana, alimkuta mlangoni. Kanana alipiga makofi. Alimshukuru Mungu, akasema miaka ishirini ya ndoa na hatimaye mume amemkumbuka bila kukumbushwa. Bundi hakusema uongo, alisema Bundi. Hakusema kitu. Na tangu siku hiyo amekuwa akipikiwa chapati.

"Kila siku?" Mbaabu aliuliza.

"Kila siku, Makamu. Na chai ya maziwa matupu. Nikimwambia ukweli sasa nitalala na mbuzi."

Mbaabu alimwambia mkewe. Igoki alifikiri sana, maana ile saa ilikuwa zawadi ya harusi na bila hiyo alikuwa amechelewa shule mara mbili. Lakini kabla hajaamua, Kanana mwenyewe alibisha hodi Jumapili baada ya kanisa. Alikuwa amevaa gauni la zambarau na shanga, na nyuma yake alisimama Bundi na tai iliyomkaba. Saa ilikuwa mikononi mwa Kanana, imefunikwa kwa kitambaa safi.

"Mama Koome, nasikia unapiga picha nzuri," alisema kwa haya. "Nataka unipige na hii saa aliyoninunulia mzee wangu. Nimpelekee dada yangu kule Embu. Yeye husema mume wangu hana kitu kichwani."

Akaifunua. Mbaabu, aliyekuwa akinywa uji, aliutema wote bakulini, akatoka mbio nje akisema ameitwa na ng'ombe.

Igoki aliitazama saa yake. Alimtazama Kanana, aliyekuwa ameikumbatia kama mtoto mchanga, na Bundi, aliyekuwa akimwomba kwa nyusi. Kutoka zizini ilisikika sauti ya mwanaume mzima akicheka na uso wake ndani ya majani makavu.

"Ni saa nzuri sana," Igoki alisema. "Kaa hapa karibu na dirisha, Mama. Hapana, usisimame wima. Kaa tu, iangalie vile unavyoiangalia ukiwa peke yako."

Kanana aliketi kwenye kochi, akainamisha kichwa. Mwanga uliingia dirishani ukaiangukia saa na kidole chake kilichokuwa kikipangusa vumbi kwenye kioo, pole pole, mahali ambapo hapakuwa na vumbi lolote.

"Na mimi niingie?" Bundi aliuliza.

"Wewe kaa kimya," Igoki alimwambia, akazuia pumzi, akabonyeza.